Kamati ya usalama isiyorekebisha kitu huwanyamazisha watu

Kuna viwanda hapa Kenya ambako kamati ya usalama hufufuka wiki moja kabla ya mkaguzi kufika. Katibu anatafutwa, kumbukumbu za mikutano ambayo haikufanyika zinaandikwa alasiri moja, sahihi zinakusanywa kwenye foleni ya chakula cha mchana, na mkaguzi anapokewa kwa faili nene. Hali hii inaniuma. Mkaguzi akishaondoka, mashine ya kukata bado haina kinga, na mlango wa dharura bado umezibwa na katoni.

Sheria haikuacha mwanya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi aunde kamati. Kanuni za kamati za usalama na afya za 2004 zinataja hata idadi: penye wafanyakazi 20 hadi 100, wajumbe wasiopungua watatu wa uongozi na watatu wa wafanyakazi, wakizidi 100, watano kwa watano, wakizidi 1,000, saba kwa saba. Na wakutane angalau mara moja kila miezi mitatu. Wako mameneja wanaoona hayo ni mzigo. Kwangu mimi ni machache. Waya uliochunika hausubiri miezi mitatu, kwa hiyo kiwanda chenye mitambo mikubwa kikutane kila mwezi.

Kamati nyingi huharibikia kwenye uteuzi. Meneja akiketi ofisini kupanga majina, atawachukua wapole, wale wasiomsumbua. Wafanyakazi wakiachiwa wachague wenyewe, watamchagua yule ambaye tayari wanamkimbilia mashine ikianza kulia vibaya: fundi wa siku nyingi, au mama wa idara ya kufungasha ambaye haogopi kubishana na msimamizi. Huyo ndiye anayefaa, hata kama mdomo wake unachosha. Zamu ya usiku nayo iwe na mjumbe wake, kwa kuwa usiku taa ni hafifu, fundi wa umeme yuko nyumbani, na usingizi unawinda kila mtu. Wasisahauliwe wafagiaji walioletwa na kampuni ya nje. Hao ndio wanaoshika kemikali kila siku, mara nyingi zikiwa kwenye chupa za soda zisizo na lebo. Mtu akichanganya jiki na asidi ya kusafishia choo, inatoka gesi ya klorini, na choo cha kiwanda huwa hakina dirisha la maana.

Kuhusu mwenyekiti, nina msimamo ambao wenzangu wengi wa upande wa wafanyakazi hawaupendi: awe mkuu wa kiwanda mwenyewe, si karani wake. Kamati inamhitaji mtu anayeweza kutia sahihi ya pesa pale pale mezani. Wanasema watu watamwogopa, na ni kweli watamwogopa. Ndiyo maana wajumbe wa wafanyakazi wakae kwanza peke yao, wakubaliane watasema nini na nani aseme, kisha waingie kikaoni wakiwa na sauti moja.

Kabla ya kikao, watembee. Waende wawili wawili, mmoja wa uongozi na mmoja wa wafanyakazi, katika idara ambayo si yao, maana jicho lililozoea halioni tena. Wamuulize kila aliye kazini: ni kitu gani hapa kitamuumiza mtu mwezi huu? Hapo ndipo yanapotoka mambo ambayo hayamo kwenye daftari la ajali. Foklifti iliyofunga breki mguuni kwa kuli. Boksi lililoanguka kutoka rafu ya juu mahali ambapo mtu alikuwa ameondoka punde tu. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna aliyeandika.

Na kwa nini hawasemi? Kwa sababu anayesema hupewa barua ya onyo kwa uzembe. Sheria ya 2007 inamkataza mwajiri kumfukuza au kumbagua mtu kwa kuwa amelalamikia hatari au kwa kuwa ni mjumbe wa kamati. Lakini kibarua anayeajiriwa kwa siku hafukuzwi. Asubuhi inayofuata hapati nafasi langoni, basi. Malalamiko yake yapelekwe na mjumbe bila kutaja jina, na meneja asijaribu hata kuuliza ni nani.

Bado, hofu si kizuizi kikubwa kuliko kuchoka. Watu waliosema mara mbili, tatu, wakaona hakuna kilichobadilika, hunyamaza. Ndiyo maana naithamini orodha moja kuliko kumbukumbu zote za mikutano: karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na mahali pa kulia chakula, ikionyesha tatizo, jina la mtu aliyekabidhiwa, tarehe ya mwisho, na kama limekwisha. Liwe jina la mtu, si "idara ya matengenezo". Kamati ipewe pia fungu dogo la pesa inaloweza kutumia bila kungoja manunuzi. Balbu ya ngazini ikibadilishwa siku ile ile iliyotajwa, kesho yake mtu atakuja kukuambia kuhusu boila.

Neno kuhusu glavu na helmeti, kwani kamati zetu hupenda kuishia hapo. Vifaa hivyo ni kinga ya mwisho. Kwanza jiulize kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa, kufunikwa au kutengwa na watu. Mashine ikipiga kelele, ikazwe, ipakwe grisi, ijengewe ukuta. Vizibo vya masikio vije baadaye. Na glavu mbele ya drili inayozunguka huweza kunaswa na kuvuta mkono wote.

Liko jambo moja ambalo bila hilo sioni kamati inafaa nini: uwezo wa kusimamisha kazi. Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza huko Bangladesh. Benki na maduka ya chini yalifunga. Washonaji wa nguo waliitwa warudi kazini asubuhi iliyofuata, jengo likaporomoka, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Nyufa ziliripotiwa na watu walizijua. Washonaji hawakuwa na mtu yeyote ambaye neno lake, "hatuingii", lingeheshimiwa.

Hapa kwetu sheria inasema mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri asimlazimishe kurudi pale mpaka irekebishwe. Kamati ilifanye hilo kuwa utaratibu wa kiwanda katika kikao chake cha kwanza kabisa: mjumbe yeyote anaweza kuzima mashine, na haiwashwi mpaka fundi na mjumbe watie sahihi pamoja. Iandikwe pia kwamba saa ambayo mashine imezimwa inalipwa, hasa kwa wanaolipwa kwa kipande, kwa kiwango cha wastani wao wa kila siku. Meneja akikataa kutia sahihi kipengele hicho cha malipo, wajumbe wa wafanyakazi wasiendelee na ajenda nyingine.