Sikumsujudia Mama Mkwe

Kwanza niliseme hili kabla ile sauti aliyoirekodi rafiki yangu kwenye simu, eti nimemsujudia mama mkwe, haijavuka bahari kwenda Unguja, ingawa nadhani imeshavuka: mimi sikumsujudia mama mkwe. Nilikuwa nimelala kifudifudi, hilo kweli. Mbele ya miguu yake, kweli pia. Kanzu nyeupe, siku ya Ijumaa, kweli tupu. Lakini palikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni oili ya haidroliki, ile inayonyanyua mikono ya trekta. Atakayenitumia tena ile sauti nitamfungia, hata akiwa shemeji. Hasa akiwa shemeji.

Trekta mnalijua. Lile dogo la Kijapani lililokwishatumika, nililowachosha nalo kwa picha tangu siku liliposhuka bandarini. Siku za karibuni lilikuwa na tabia mpya: ukivuta liva ya kunyanyulia, rotaveta, ile mashine ya kulimia inayofungwa nyuma, inafikiria kwanza. Halafu inapanda kwa kutetemeka huku chini ya kiti kunaunguruma. Na Pemba hii, ukiwa na trekta bovu, kila anayepita ni fundi. Muuza samaki fundi, mwalimu wa madrasa fundi. Wote jibu moja: "Oili imepungua, yakhe. Ongeza."

Nikaenda Chake kununua dumu la lita 20. Wanaosema nilitia mafuta ya kupikia wana lao jambo. Nilinunua oili ya trekta yenyewe, ile inayotumika kwenye gia, difu, breki na kunyanyulia, kwa sababu matrekta madogo mengi hayana tangi mbili. Yote ni sanduku moja, oili moja. Muuzaji aliniuliza, "Ya breki za gari au ya trekta?" nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye mashamba, "Ya trekta." Mpaka hapo nilikuwa na heshima yangu.

Pembeni ya kiti cha trekta pamebandikwa karatasi ya maelezo. Nzuri, rangi mbili, Kijapani mwanzo mwisho. Nilichoambulia mimi ni ile picha: trekta, mikono ya nyuma inayobeba rotaveta imelala chini, na mstari ulionyooka chini ya magurudumu. Ule mstari nilidhani ni urembo.

Sasa nyumba yangu ipo kwenye mteremko. Msinicheke, nyumba ya nani Pemba haipo kwenye mteremko? Trekta lilikuwa limeelekeza pua bondeni, rotaveta iko juu kwa sababu ndiyo kwanza natoka shambani. Nikazima, nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Kavu! Haina hata unyevu kwenye ncha.

Wenye kujua matrekta wameshaanza kupiga mapaja. Kwa wengine nieleze: ukinyanyua mikono, sehemu ya oili inakuwa imo ndani ya silinda ya kunyanyulia, imeubeba mzigo. Iliyobaki, trekta likiinamisha pua, inakimbilia mbele. Dipstiki iko nyuma. Mimi nikatia. Nikapima, kavu. Nikatia tena. Dumu likawa jepesi mkononi, ndipo ile ncha ikaonesha alama. Nikaridhika, nikaenda kuoga.

Mama mkwe alikuwa ameniomba nikamlimie kipande chake cha mpunga baada ya sala ya Ijumaa. Nikaona busara nilitangulize trekta kwake kabisa, nikiwa nimeshavaa kanzu, kisha twende msikitini kwa miguu na rafiki yangu. (Huyo huyo mwenye sauti. Alikuja amening'inia kwenye bawa la gurudumu, bure, na malipo yake ndiyo haya.)

Uwanja wa mama mkwe ndio mahali pekee pa tambarare mtaa mzima. Na mahali pa tambarare Pemba, msimu huu, mnajua pana nini. Pana majamvi. Juu ya majamvi pana karafuu, zimeshageuka rangi, zimebakisha jua kidogo tu ziende kwenye kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Nikaegesha mbali nazo. Mbali kabisa, hatua nyingi. Mtu muungwana.

Mama mkwe akatoka na ukaya wake, tukaamkiana vizuri, nikamwambia nimelitia oili mpya. Akauliza swali la adabu tu, la kuonesha anajali: "Umeitilia wapi, mwanangu?"

Ningejibu "nyuma, mama," leo hii nisingekuwa naandika. Lakini mimi nikafungua kizibo nimuoneshe. Injini inanguruma, kizibo mkononi, nikachungulia: oili imefika mdomoni kabisa, inang'aa, inanitazama. Nikasema, "Mashaallah, limeshiba." Rafiki yangu naye, Mungu anamuona, akasema, "Muoneshe mama linavyoshusha."

Nikaisukuma liva.

Rotaveta ikaanza kushuka. Taratibu, kwa adabu, kama imefundishwa. Ni chuma kizito kile, na kadiri kilivyoshuka kilikuwa kinaikamua ile oili ya silinda irudi kwenye sanduku. Sanduku ambalo halikuwa na nafasi ya hata kijiko. Pale mdomoni kikatokea kipovu kimoja. Kipovu kikavimba. Nakumbuka nilikitazama na kukiona kizuri. Kikapasuka, na nyuma yake ikaja oili yenyewe, si kwa kuruka kama anavyosimulia yule bwana, bali kwa kufurika: nene, bila haraka, ikapita juu ya kiti, ikateremka kwenye bawa, ikafika chini. Gia za ndani nazo zikawa zinarusha matone, moja likatua kwenye kofia yangu ya viua. Kofia ya viua, jamani! Mnajua mke wangu aliidarizi kwa muda gani?

Nikataka kurudisha kizibo. Kizibo kilikuwa na oili, kikaponyoka, kikabingirika chini ya trekta. Nikarukia chini. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ule uwanja si tambarare. Wazee walioujenga waliulaza kidogo, kidogo sana, maji ya mvua yasituame. Umelazwa kuelekea kwenye majamvi.

Oili ikashika njia. Haikukimbia. Ingekimbia ningechanganyikiwa nikasimama tu. Ilitambaa, ikafika kwenye kijiwe, ikakizunguka, ikaendelea. Mimi naitazama, mama mkwe anaitazama, rafiki yangu anatafuta simu mfukoni. Karafuu za mwaka mzima zile! Uzipeleke ZSTC zinanuka oili ya gia, useme nini? Kuvuta jamvi peke yangu siwezi. Mchanga wa kuzuilia sikuuona. Chenye upana wa kutosha kilichokuwa karibu kilikuwa mimi.

Nikajilaza. Kifudifudi, mikono nimeitandaza, kanzu nimeikunjua pande zote, kati ya oili na jamvi. Oili ikafika ubavuni, ya moto kidogo. Ikasimama. Wallahi ikasimama! Kwa mara ya kwanza tangu ninunue trekta lile, kitu nilichokipanga kikafanya kazi.

Tatizo ni kwamba kichwa changu kilikuwa kimeangukia mbele ya viatu vya mama mkwe.

Kimya. Kisha nikamsikia: "Astaghfirullah! Inuka, mwanangu, inuka! Ile pesa nimekusamehe!"

Sasa hapa naomba mniweke mahali pangu. Ile pesa ni mchango wake wa kununulia trekta, ambao kwa muda tulikuwa hatuutaji, mimi kwa haya, yeye kwa heshima. Kumbe akilini mwake ulikuwa unatajwa kila siku. Jirani zake wawili wameshatoka, ni mashahidi kamili. Msamaha umetamkwa kwa sauti. Mimi nimelala juu ya oili, pua iko kwenye vumbi, nawaza: nikiinuka upesi nikaeleza, nitaharibu. Basi sikuinuka upesi. Hicho ndicho kipande ambacho sauti ya rafiki yangu inakiita "sijida ndefu kuliko ya imamu." Asamehewe.

Yaliyofuata hayana utamu. Shemeji akazima injini. Nilisali kwa kanzu ya baba mkwe, iliyoniishia kwenye muundi. Fundi alikuja kutoka Wete, akaliweka trekta pasawa, akashusha mikono, akazima, akangoja itulie ndipo apime. Akacheka, akanyamaza, akacheka tena. Akasema pale pale ningeivuta tu liva juu, silinda ingeinywa oili ikarudi ndani, na mimi ningebaki na kanzu. Alipofungua nati ya chini ikatoka oili nyeupe kama tui: maji ya mabonde ya mpunga yamekuwa yakiingia kwenye sili ya shafti ya nyuma siku nyingi. Ikamwagwa yote, ya zamani na yangu mpya. Na ule ungurumaji je? Chujio. Limeziba. Oili haikuwa imepungua hata kidogo, enyi mafundi wa barazani, muuza samaki nakutazama wewe.

Karafuu zilizoguswa ni za ukingoni, hazizidi kibaba kimoja. Mama mkwe akisimulia zimeshafika pishi. Oili chafu ameichukua yeye, anapaka nguzo za banda la mbuzi, mchwa wasile. Msamaha wa ile pesa umetenguliwa jioni ile ile alipoelezwa kisa, na nani, msiniulize, sauti yake mnaijua.

Kwenye dumu zimebaki lita chache safi ambazo hazikuwahi kuingia ndani ya trekta. Nauza. Njoo na chombo chako, na usianze kucheka ukiwa bado mlangoni.