Myshkin ya Kipanya: Mji wa Watu Elfu Tano Uwe na Baraza Lake au Usiwe?

Kila nikigusia vile vimji vidogo vya kando ya mto Volga, Urusi, kuna swali moja linarudi, tena mara nyingi linaulizwa kwa kicheko: mji wa watu elfu tano na ushee unataka meya na baraza la nini? Si wabaki na ofisi moja ya wilaya, yaishe? Nakiri mapema kwamba swali si la kijinga, lina mashiko yake na nitayasema. Ila naona wengi wanaouliza wanahesabu viti na meza za ofisini, hawafuatilii hela ya mji inaingilia wapi na kutokea wapi. Mfano wangu leo ni Myshkin, mkoa wa Yaroslavl, katikati ya Uglich na Rybinsk, juu ya ukingo wa kushoto wa Volga.

Kama hujawahi kuusikia, jina lenyewe limetokana na panya. Wanasimulia kwamba mwana wa ukoo wa kifalme wa Mstislavsky alikuwa amejilaza kando ya mto, kipanya kikamkatiza usoni, akaamka na hasira zake, kabla hajakiua akaona nyoka anamjia. Akajenga kanisa dogo pale pale kushukuru. Ni hadithi tu, lakini nembo ya mji ya mwaka 1778 ni kitu cha kweli kabisa: juu yuko dubu wa Yaroslavl na shoka lake begani, chini yuko kipanya.

Mji wenyewe ulizaliwa kwa kalamu. Catherine wa Pili, malkia wa Urusi, alikuwa anapanga upya mikoa yake, kila wilaya ikatakiwa iwe na makao makuu, na pale ambapo hapakuwa na mji basi kijiji kikapandishwa cheo. Myshkin ikapata cheo 1777, mwaka uleule na Rybinsk na Mologa. Sasa hapa wapinzani wangu huwa wanaruka juu: unaona, hata mwanzo wake ni wa kubandika! Sawa, lakini kilichofuata hakikuwa cha kubandika, mji ulikaa ukawa mji, wafanyabiashara wa nafaka wakajenga nyumba za matofali, makanisa makubwa mawili yakasimama, na hata maktaba ya umma wakawa nayo kabla karne ya 19 haijaisha, jambo ambalo kwa kasehemu ka watu elfu mbili hivi si dogo.

Kisha 1927 kalamu ileile ikawashusha, wakaambiwa nyie ni kijiji. Kwa hesabu ya watu serikali haikukosea. Baadaye, 1957, Urusi ya Kisovieti ikaweka kipimo rasmi kwamba ili uitwe mji uwe na watu wasiopungua 12,000, na asilimia 85 wawe ni wafanyakazi na watumishi pamoja na familia zao, yaani wasiwe watu wa kilimo. Myshkin haijawahi hata kukikaribia. Lakini 1991 cheo kikarudi, na jina likarudi kuwa Myshkin badala ya Myshkino. Halikuwa shinikizo la Moscow, ni wenyeji waliosukuma, watu kama mwanahistoria wa hapohapo Vladimir Grechukhin na wenzake ambao tangu enzi za Usovieti walikuwa wanaokota vitu vya kale na kuviweka kwenye makumbusho yao. Kilichofuata ndicho kilichowapa umaarufu. Wakafungua makumbusho ya panya, wakaongeza ya valenki, zile buti nene za sufu za kuvaa kwenye theluji, na ya Smirnov wa vodka kwa sababu kijiji alikozaliwa kiko jirani, na meli za watalii zinazopita Volga zikaanza kutia nanga. Watalii sasa ni zaidi ya laki moja kwa mwaka. Mji wenyewe ni elfu tano na kitu!

Mologa hawakubahatika. Ilipoamuliwa 1935 kujengwa mabwawa ya Uglich na Rybinsk, mji ule wa chini kidogo ya mto ukawa umeshahukumiwa, watu wakabomoa nyumba zao za magogo, wakayafunga kama vyelezo na kuyaelesha mpaka sehemu waliyopangiwa, na masika ya 1941 maji yakaanza kupanda. Kwenye bonde lile waliohamishwa kwa jumla wanakadiriwa laki moja na thelathini elfu. Myshkin ilipona kwa sababu iko mlimani, hakuna zaidi. Na hapa niwe mkweli, hata Mologa ingekuwa na baraza kali namna gani, kwa Stalin lisingezuia chochote, kwa hiyo sitaki mtu aitumie Mologa kusema baraza lingewaokoa. Naitaja kwa sababu ukikaa na watu wa maeneo yale hili neno "makao makuu wameamua" lina uzito wa peke yake.

Sasa tuje kwenye mabishano ya leo. Sheria ya serikali za mitaa ya 2003, ile wanayoiita ya 131, iliweka ngazi mbili, mji mdogo una baraza lake na bajeti yake, na juu yake kuna wilaya yenye baraza na bajeti nyingine. Kwenye mahali kama Myshkin inakuwa kichekesho kweli: ofisi mbili ndani ya kamji kamoja, moja ya mji, moja ya wilaya, na mwananchi mwenye shimo la barabarani anazungushwa huku na kule. 2019 wakaruhusu wilaya nzima iungane iwe kitu kimoja, sehemu kama Perm na Stavropol wakafanya hivyo kwa wingi, halafu tarehe 20 Machi 2025 ikasainiwa sheria mpya, namba 33, ambayo mwanzoni ilitaka kufuta ngazi ya chini nchi nzima. Makelele yakapigwa, jamhuri ya Tatarstan ikiwa mbele, mwisho mikoa ikaachiwa ichague.

Upande wa kuunganisha una hoja tatu ambazo mimi siwezi kuzibeza. Moja, wataalamu hawapatikani: wapi utampata mhandisi, mwanasheria na mtu wa zabuni kwa kila baraza la watu elfu tano, na bila hao hata fedha za miradi kutoka juu huwezi kuziomba vizuri. Pili ni ule mzunguko niliousema. Tatu, kwenye baadhi ya vijiji vya pembeni baraza limebaki jina tu, bajeti yote inaishia kwenye mishahara ya ofisi na taa mbili tatu za barabarani. Kuna na hoja ya nne inayohusu cheo cha mji chenyewe: umeme wa majumbani vijijini Urusi unatozwa kwa bei ya chini, kawaida asilimia 70 ya bei ya mjini, kwa hiyo mtu wa mji mdogo analipia jina kila mwezi. Mimi hii ya umeme ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana bibi mstaafu halipi bili kwa nembo ya kipanya.

Lakini tukae kwenye hela. Kwa sheria ya bajeti ya Urusi mji mdogo ulio chini ya wilaya unabaki na kodi ya ardhi, kodi ya nyumba za watu binafsi, na asilimia 10 ya kodi ya mshahara. Tuseme fundi wa kituo cha kusukuma gesi analipwa rubli 40,000, kodi yake ya asilimia 13 ni 5,200. Mji unapata 520, wilaya 260, na 4,420 zinapanda mkoani. Mkoa unaweza kurudisha kidogo ukipenda, lakini hapo ni kuomba tena.

Haya, sasa meli imetia nanga. Abiria mia mbili au zaidi wanashuka, wana saa mbili tatu, wanapanda kwenda mjini, na njiani kuna mama na meza yake ya vipanya vya sufu. Kimoja anauza, tuseme, rubli 500. Akiwa amejisajili kama mtu aliyejiajiri analipa asilimia 4, yaani rubli 20, na katika hizo 20 asilimia 63 ni za mkoa, 37 ni za mfuko wa bima ya afya. Mji unapata sifuri. Mwenye duka akilipia leseni ile ya patenti, yaani ada anayolipa badala ya kodi, hela inaingia wilayani, mji sifuri. VAT yote ni ya Moscow. Tangu 2025 kuna kodi ya utalii ambayo mji unaruhusiwa kuitoza na ni yake kweli, ila inakatwa kwa anayelala hotelini, na huyu mtalii wetu analala wapi? Analala kwenye meli! Ameacha chupa ya maji kwenye pipa la taka la mji, ametumia choo, amekanyaga ngazi za mji, amepiga picha na kipanya, ameondoka. Zaidi ya laki moja kwa mwaka, na pipa linamwagwa kwa ile 520 ya yule fundi wa gesi. Niliposhika kalamu kuipiga hii hesabu nilicheka, nilipoirudia sikucheka tena.

Ndiyo maana mtu akiniambia baraza la mji limeshindwa, lina bajeti ya kuombaomba, huwa namjibu kwamba mfuko ulitobolewa kabla hawajaupewa. Na kuunganisha hakuuzibi. Ile 10 ya mji na 5 ya wilaya zinaingia kapu moja la 15, keki ni ileile. Kinachobadilika ni nani anakata. Baraza likiwepo, madiwani wa Myshkin wanabishana kama hela iende kwenye ngazi za gatini au kwenye njia za miguu za mbao, likiunganishwa, wale wale watakuwa wachache ndani ya baraza la wilaya, na wenzao wa vijijini watauliza, kwa haki kabisa, kwa nini kila mwaka gati la watalii wakati kwetu barabara haipitiki. Siwalaumu, ningekuwa wao ningeuliza hivyohivyo.

Halafu kuna hili la kivuko. Myshkin haina daraja la Volga, ukitoka Uglich kwa gari unafika ukingoni unasubiri pantoni, mto ukianza kuganda au barafu ikianza kuvunjika kuna siku usafiri unakuwa wa shida tupu. Watu wanaoishi hivyo wanajua wenyewe nini kisogezwe kwanza msimu ukibadilika, na faida ya kuwa na meya ni kwamba unamjua nyumba yake, ukikwama unamgongea. Mkuu wa eneo zima pia unaweza kumgongea, kwa Myshkin atakaa hapohapo mjini, nakubali, kwa hiyo hoja hii ina nguvu zaidi kwa miji ambayo makao yatahamia kwingine kuliko kwa Myshkin. Ila hata hapo, cheo kilichoshushwa 1927 kilirudi 1991 kwa sababu kulikuwa na watu waliojihesabu kuwa ni wa mji, na utalii wote huu umetoka kwenye vichwa vyao.

Kwa hiyo ningeulizwa mimi, ningesema unganisheni ofisi za wahasibu, wanasheria na zabuni hata kesho, ubishi sina. Baraza la mji lisiguswe, na kabla ya kuhesabu madiwani kwanza igawanywe upya kodi ya yule mama wa vipanya, hata nusu tu ya zile rubli 12 na senti zinazopanda mkoani ibaki pale anapouzia.