Nimefika 2

Programu yetu ilikuwa na tabia ya kufia ugenini. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa nzima, haina hata kikohozi. Ikifika kwa watumiaji, mtu anabofya kitufe cha "Leta Ripoti", kiduara kinaanza kuzunguka, halafu pwaa! Programu yote inatoweka kwenye skrini, na Windows inaacha rambirambi ya maneno machache: 0xC0000005. Kwa asiyeifahamu namba hiyo, maana yake ni kwamba programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa, ikakamatwa na kuuawa papo hapo bila kesi.

Wa kwanza kunipigia simu alikuwa mama mmoja wa idara ya hesabu, mtu mzima na mpole.

"Mwanangu, hiki kidude chako kimenifia tena. Mimi huwa nikiona—"

"Huo ni mtandao, mama."

"Sawa, lakini huwa nikiona kile ki—"

"Mtandao tu, mama yangu. Pakiti zinapotea njiani. Nalishughulikia."

Akashusha pumzi, akasema haya baba. Simu ile ilichukua dakika moja. Ningemwacha amalize sentensi yake ingechukua mbili, na mimi ningeokoa wiki tatu za maisha yangu.

Nikaanza kupambana na mtandao. Nikabadilisha kebo. Nikazima na kuwasha rauta. Nikaituhumu ngome ya usalama, nikaituhumu programu ya kuzuia virusi, nikaongeza muda wa kusubiri jibu kutoka sekunde 30 hadi 120. Nikamfuata mwenzangu anayetunza seva, nikamwambia seva yake inaua programu yangu. Akanifungulia logi, daftari la matukio ya seva, akanionyesha kwa kidole: ombi limefika, limejibiwa, 200, yaani salama. Ombi lingine, 200. "Mimi nimejibu vizuri," akasema. "Kama mtu anakufa kwa kujibiwa vizuri, mpeleke hospitali." Sikupenda sauti yake.

Basi nikazungushia "try" na "catch", maneno ya kudaka makosa, kila kona ya msimbo. Haikusaidia chochote, kwa sababu katika C++, lugha niliyoandikia programu, kugusa kumbukumbu iliyokwisha kufutwa si kosa linalotupwa ili lidakwe. Ni kama kutandika neti ya mbu kumzuia faru. Hilo nililijua, na niliandika hivyo hivyo, usiku, nikijiona nafanya kazi.

Nikaongeza pia sehemu ya kuripoti vifo: programu ikianguka, itume taarifa kwangu yenyewe kupitia mtandao. Hazikuja taarifa. Nikafurahi siku mbili nzima. Baadaye ndipo nikakumbuka kwamba mpeleka taarifa nilimweka ndani ya programu ile ile. Anayepaswa kupiga yowe la msiba ndiye alikuwa ndani ya jeneza.

Hapo nikarudia dawa ya kizamani ambayo kila mwandika programu anaitumia na hakuna anayeikiri hadharani: kupachika ujumbe kwenye msimbo ili uone programu imefika wapi kabla ya kufa. Kwa haraka zangu sikuandika kwenye logi. Nilitumia visanduku vya ujumbe vinavyochomoza katikati ya skrini. Kimoja kabla ya kutuma ombi: "NIMEFIKA 1". Kingine mara tu baada ya kulituma: "NIMEFIKA 2 MUNGU NI MWEMA". Usiulize. Ilikuwa saa nane ya usiku.

Nikampelekea yule mama toleo hilo alijaribu. Halikufa. Asubuhi hiyo akavuta ripoti kumi na tano, programu imesimama wima. Nikakitoa kisanduku cha kwanza, bado ikasimama. Bosi akapita nyuma yangu, akasikia neno "imepona", na kabla sijasema lolote akaagiza toleo hilo lisambazwe kwa wote kabla ya jioni.

Likasambazwa. Pamoja na NIMEFIKA 2 MUNGU NI MWEMA.

Wiki nzima hakuna programu iliyokufa. Simu zilizokuja zilikuwa za aina nyingine. Mmoja aliuliza kwa heshima huyu aliyefika amefika wapi. Mwingine alitaka kujua kama NIMEFIKA 1 imemruka kwa sababu leseni yake ni ya daraja la chini. Mwingine alisema yeye hujibu "amina" kisha anabofya Sawa, na ripoti zinakuja haraka zaidi.

Kwa aibu nikakiondoa kisanduku. Siku hiyo hiyo programu zikaanza kudondoka kama maembe. Nikakirudisha, zikatulia. Bosi akaniita, akafunga mlango, akasema ule ujumbe usiguswe hata herufi moja. Nikatoka mle ndani nikiwa mhandisi wa kwanza ninayemfahamu ambaye mfumo wake unategemea ushuhuda.

Ndipo nikajikokota hadi kwenye meza ya yule mama, nikiwa na toleo lisilo na kisanduku. Nikavuta kiti. "Mama, fanya kama unavyofanya siku zote. Mimi sisemi kitu." Akabofya Leta Ripoti. Kiduara kikazunguka. Sekunde moja, mbili, tatu. Akakiangalia kwa jicho la mtu anayedharauliwa, akapeleka kipanya kwenye alama ya X, akalifunga dirisha. Kimya. Kisha pwaa!

"Ndicho nilichokuwa nakuambia," akasema. "Huwa nikiona kile kiduara kinazunguka tu, nafunga, nafungua upya."

Nilitamani ardhi inipokee. Ombi la mtandao halisubiriwi mlangoni. Unalituma, unaacha maagizo: jibu likija, jaza jedwali la dirisha fulani. Maagizo yangu yalikuwa yameshika anwani ya dirisha lile. Na dirisha lenyewe, kwa ujanja wangu wa kubana matumizi ya kumbukumbu, nililiamuru lijifute mara tu likifungwa. Kwa hiyo mama anafunga, dirisha linafariki na kuzikwa, na sekunde chache baadaye jibu linawasili likiwa na ripoti mkononi, 200 safi kabisa, linabisha hodi kwa marehemu. Kuna siku kaburi, yaani ile sehemu ya kumbukumbu, lilikuwa halijapewa mwenyeji mpya, jibu likajaza jedwali la mzimu na mambo yakaenda. Siku nyingine palikuwa na mtu. Hapo ndipo 0xC0000005.

Kwangu haikufa kwa sababu nilikuwa naijaribu na seva iliyokuwa ndani ya kompyuta yangu mwenyewe, kwenye 127.0.0.1. Majibu yalirudi kabla kidole hakijainuka kwenye kipanya. Hakuna binadamu mwenye mkono wa kulifunga dirisha katika nafasi hiyo, labda mwizi wa mifukoni.

Na kile kisanduku? Kilikuwa cha aina inayong'ang'ania: kikichomoza, dirisha lililo nyuma yake halifungiki mpaka ubofye Sawa. Mama akawa anakisoma, anashangaa wema wa Mungu, na wakati huo huo jibu linafika, linajaza jedwali, na hatari inapita. Niliponya programu kwa kuwachelewesha watu.

Tulikuwa tunatumia Qt, vifaa vya kuundia programu za C++ zenye madirisha. Humo, unapounganisha jibu na kazi itakayofanywa likifika, unaweza kumtaja mwenye kazi. Akifa yeye, muunganisho unakatika wenyewe na jibu halimsumbui mtu. Mimi sikumtaja. Marekebisho yote, baada ya wiki tatu, kebo mbili mpya na ugomvi na mtu wa seva, yalikuwa neno "this", yaani "dirisha hili hili", na mkato mmoja. Bosi alipoomba kuona kazi nilizofanya mwezi ule, nilimwonyesha kwa kukuza maandishi.

Niliiweka seva yangu ya majaribio icheleweshe majibu kwa sekunde kumi, nikakaa nabofya na kufunga, nabofya na kufunga, kama mtoto anayechezea swichi ya taa. Haikufa. Kisanduku nikakitoa, safari hii kwa ruhusa. Toleo jipya likaenda.

Siku ya pili simu ikalia. Yule mama.

"Mwanangu, ripoti zinakuja vizuri, hongera. Ila nilitaka kuuliza." Akapunguza sauti. "Yule aliyekuwa anafika, mmemfukuza kazi?"