Mcheza kwao hutunzwa; na asiye na kwao?

Shairi lililoletwa kwenye shindano letu la shule lilikuwa la beti 6, mizani 16 kila mshororo, 8 ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 utao (nusu ya pili), bila upungufu. Tatizo lilikuwa ubeti wa pili. Mishororo yake iliishia safari, mahali, habari, ajali. Jaji mwenzangu, mzaliwa wa Mombasa anayefundisha Kampala, aliweka kalamu chini. "Mwalimu, hili guni, vina vimevunjika," akasema. Mimi niliyekulia Masaka nililisoma tena kwa sauti, na masikio yangu yakasikia vina vinne vilivyokaa sawasawa: li, li, li, li.

Kwa asiyejua Kiganda: l na r katika lugha hiyo ni sauti moja yenye sura mbili. Ikitanguliwa na e au i hutamkwa r. Kwingineko ni l. Mganda akisema safari kwa ulimi wa nyumbani, kinachotoka ni safali. Mshairi wetu hakukosea kwa sikio lake. Alikosea kwa sikio la pwani. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe mimi mwenyewe nilikubali alama zipunguzwe.

Shindano lenyewe lilikuwa dogo: shule chache za sekondari, maandalizi ya Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, vyeti vilivyochapwa Nasser Road, Kampala, asubuhi ya siku yenyewe. Ila swali lililozuka mezani pale si dogo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwandishi wa Kiswahili aliye Uganda, kwao ni wapi?

Wanaojibu kwamba kwao ni kwenye mashindano ya uandishi wana ushahidi mzito, na sehemu kubwa inatoka hapa hapa, ingawa kwa Kiingereza. Monica Arac de Nyeko alipata Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2007, Mganda wa kwanza kuipata. Jennifer Nansubuga Makumbi alishinda shindano la miswada la Kwani?, mchapishaji wa Nairobi, mwaka 2013. Mwaka uliofuata riwaya yake ikachapishwa huko, na mwaka huohuo akatwaa tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola. Wachapishaji wa Uingereza walikuja kuitoa riwaya hiyo mwaka 2018, wakati wasomaji wa Afrika Mashariki walikuwa nayo tangu 2014. Mwaka huohuo wa 2018 Harriet Anena aligawana Tuzo ya Wole Soyinka kwa diwani yake ya kwanza. Femrite, jumuiya ya waandishi wanawake iliyoanza shughuli Kampala mwaka 1996, imelea wengi, lakini mlango wa nje mara nyingi hufunguliwa na shindano. Mchapishaji asiyekujua hakusomi. Jaji hana budi.

Sasa geukia Kiswahili. Kwenye karatasi tunacho. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, mtaala mpya wa 2020 ukakifanya lazima kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Nje ya karatasi, ingia duka la vitabu mjini Kampala uombe riwaya ya Kiswahili: utaonyeshwa vitabu vya kiada. Kwa miaka mingi lugha hii kwetu ilikuwa ya kambi, ya polisi, ya mpakani Busia na Malaba, ya Wanubi wa Bombo. Watu waliisikia ikitolewa kwa amri, wakaiogopa. Hata Makerere, ilipokaribisha mkutano mashuhuri wa waandishi wa Afrika mwaka 1962, mwaliko ulikuwa kwa wanaoandika Kiingereza.

Kwa hiyo kijana wa Uganda anayetunga kwa Kiswahili mara nyingi hana gazeti la kumpokea, hana mchapishaji, na nyumbani hakuna wa kumsomea. Akishiriki shindano anakuwa na uhakika wa msomaji mmoja: jaji. Kwangu mimi hapo ndipo hoja yote ilipolala. Fedha ni nzuri (Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, hutoa maelfu ya dola), lakini mshindi ni mmoja, wawili. Waliobaki wanaondoka na nini?

Wanaopinga wanajibu: wanaondoka wameharibika. Hoja yao si ya wivu. Shindano la shule huja na mada iliyotajwa: amani, mazingira, umuhimu wa Kiswahili. Mtoto anajifunza haraka kwamba jaji hupenda beti za kusifu lugha ya Kiswahili kwa lugha ya Kiswahili, na anazitoa kama mashine ya kufyatua matofali. Nimesoma "Kiswahili kitukuzwe" mara nyingi kiasi kwamba nikiiona tena nahisi njaa. Wapinzani hao hukumbusha pia kwamba Waswahili walishindana kwa mashairi kabla ya kuwapo karatasi za alama. Zama za mshairi Muyaka bin Haji, Mombasa ya karne ya 19, mtu alifumba, mwenziwe akafumbua na kujibu, na hukumu ikatoka vinywani mwa wasikilizaji. Aliyeshindwa alijua kwa nini, kwa sababu jibu lilimrudia hadharani, kwa vina vilevile.

Hapo wanagusa kidonda, ingawa nadhani wanakifunga bendeji isiyofaa. Baraza la zamani halikuwa na haki kuliko letu. Lilikuwa na watu wakubwa wa mji, na mnyonge alijibiwa kwa kicheko. Walichokuwa nacho ambacho sisi hatuna ni jibu lenyewe.

Sisi tuna hesabu. Majaji watatu, alama 10 kila mmoja. Utungo wa kwanza unapata 10, 9 na 3: jumla 22. Wa pili unapata 8, 7 na 8: jumla 23. Umeshinda wa pili, ule ambao hakuna aliyeuota usiku. Nimetoka kwenye vikao ambamo kila jaji alikuwa na utungo wake moyoni na sote tukatia sahihi mwingine. Mtetezi wa hesabu atasema ndiyo kinga dhidi ya upendeleo, na si uongo: majina tunayafuta, tunaweka namba, na bado mwalimu huutambua mwandiko wa mwanafunzi wake. Mwaka mmoja tulijaribu kumpa kila jaji haki ya kuokoa utungo mmoja uliozama. Tulipata mashairi mawili mazuri sana, na moja ambalo mpaka leo sielewi liliokolewa kwa nini.

Kuhusu vina nilikuwa mkali na sijuti. Anayechagua shairi la arudhi, yaani la kanuni za vina na mizani, amejifunga mkataba, na mkataba unasema herufi, si masikio ya Masaka. Angetaka uhuru, ushairi huru upo, na ugomvi wa miaka ya 1970 kati ya wanaarudhi na wanamapinduzi ulishampa ruhusa. Ninachojutia ni hadithi fupi. Mwaka huohuo kijana mmoja aliandika juu ya mwendesha boda boda aliyemwambia abiria, "Mimi nangoja wewe tangu asubuhi, na pesa yangu yote naisha." Tulikata alama za sarufi kama walimu wa mtihani. Lakini boda boda wa Kampala haongei kwa ngeli za Unguja! Msimulizi wa hadithi ile aliandika Kiswahili sanifu kisicho na doa. Ni mhusika tu aliyevunja, na alivunja kama watu wanavyovunja stendi. Tulimnyima alama kwa kusikia vizuri. Jaji mwenzangu alidai kwamba shule ni shule, mtoto akilegezewa hapa atalegea kwenye insha. Anajua darasa kuliko mimi. Hata hivyo tulitangaza shindano la hadithi, hatukutangaza mtihani.

Mambo ya ada na haki miliki nitayapita haraka. Shindano linalomtoza mwanafunzi ada bila kusema fedha zinakwenda wapi, aliache. Linalosema kwenye masharti kwamba utungo ukishapokelewa ni mali ya waandaaji, hata usiposhinda, aliache upesi zaidi. Yapo yasiyotoza kitu: la Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili zenye maneno 2,000 hadi 5,000 bila ada.

Kinachobaki ni lile jibu. Nimependekeza kwa waandaaji wawili sasa kwamba kila mshiriki arudishiwe mistari mitatu: kitu kimoja kilichofaulu, kimoja kilichokwama, na alama zake. Mmoja alinicheka. Miswada zaidi ya 80, majaji wanaolipwa soda na nauli, nani ataandika? Mwingine aliogopa ugomvi: mzazi atakuja na karatasi ile mkononi kuuliza kwa nini mwanawe kapata 4. Hofu zote mbili ni za kweli. Tuzo kubwa duniani nazo hazirudishi maoni kwa maelfu wanaoshiriki. Ila tuzo hizo zinawapata watu wenye wasomaji wengine. Sisi tunawapata wasio naye hata mmoja.

Mshairi wa safari na mahali nilimwandikia kwa namba yake, bila kumjua jina. Nilimweleza habari ya l na r, kwamba kosa si lake peke yake, ni la ndimi mbili kukutana, na kwamba picha yake ya teksi iliyokwama kwenye tope la Kyengera sijaiona kwa mshairi mwingine yeyote. Mwaka uliofuata mwandiko uleule ulirudi mezani. Beti 8. Nilitafuta l na r kwenye vina vyote, vya kati na vya mwisho, sikupata hata moja. Alikuwa amejificha ndani ya ma na sha kuanzia juu mpaka chini. Jaji wa Mombasa alimpa 8, mimi 7. Teksi haikuwemo, tope halikuwemo. Kilikuwa kinasifiwa Kiswahili.