Pedi ya kati haijapewa haki yake

Mwenye gari kama Impreza, Altezza au Golf GTI anayetaka kuanza kulikimbiza kwenye uwanja wa mbio huambiwa mapema sana kwamba pedi za breki hazina katikati. Za barabarani zibaki barabarani, za mbio zifungwe siku ya mbio, na anayenunua ile ya kati, iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi zote mbili, amenunua kitu kisicho huku wala huko. Wanaosema hivyo si wababaishaji. Wengi wao wamewahi kukanyaga breki mwishoni mwa njia iliyonyooka wakakuta gari linaendelea kwenda. Lakini ushauri wao umesimama juu ya jambo moja ambalo huwa halitajwi: kwamba barabarani breki hazipati moto wa maana. Kwa mtu wa nchi tambarare hilo ni sawa. Kwa anayeshuka Mai Mahiu kila akienda Naivasha, au Kitonga akitokea Iringa kwenda Morogoro, hesabu inabadilika, na ndiyo maana nataka kuitetea pedi ya kati.

Tuanze na joto, maana pedi huchaguliwa kwa joto kuliko kwa kitu kingine chochote. Breki haiufuti mwendo wa gari. Inaugeuza kuwa joto, na joto hilo hukua kwa mraba wa kasi. Gari la kilo 1,400 likisimama kutoka kilomita 50 kwa saa, breki zake hupokea nishati ya megajuli 0.135 hivi. Likisimama kutoka 160 hupokea megajuli 1.38, yaani zaidi ya mara 10, ingawa kasi yenyewe imeongezeka mara 3 na kidogo tu. Breki za mbele ndizo hubeba mzigo mkubwa. Tukizipa asilimia 70, na diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu na kubanwa na pedi) ya kilo 7 kila upande, kusimama mara moja mjini kunapandisha joto la diski kwa nyuzi 15 hivi. Kupunguza mwendo kutoka 160 hadi 80 kabla ya kona, bila hata kusimama, kunalipandisha kwa nyuzi 113. Kona 3 za aina hiyo zikifuatana kabla upepo haujapoza chochote, diski imeshapita nyuzi 300.

Kwa hiyo pedi ya mbio hainunuliwi ili gari lisimame karibu zaidi. Pedi nzima ya kawaida, iliyofungwa vizuri, ina nguvu ya kutosha kuifanya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ianze kufanya kazi, na ikishafika hapo anayeamua ni tairi. Kutoka kilomita 100 kwa saa, kwenye lami kavu na tairi zuri, utahitaji mita 40 hivi, na pedi ya bei mbaya haitakurudishia hata mita moja ya hizo. Inachokupa ni kwamba ukikanyaga mara ya kumi, ujibiwe kama ulivyojibiwa mara ya kwanza.

Hapa wenye kushikilia pedi mbili, moja ya barabarani na moja ya mbio, wana hoja nzito na sina sababu ya kuipunguza. Pedi kali za mbio nyingi huanza kushika sawasawa zikishapata moto wa nyuzi 150, 200 au zaidi. Asubuhi ya baridi Limuru, mvua imenyesha, gari limetoka nyumbani dakika 5 zilizopita, mtoto anachomoza kati ya matatu mbili: unakanyaga na pedi inachelewa. Kwa kilomita 50 kwa saa gari hula karibu mita 14 kila sekunde. Pedi hizo hizo zikiwa baridi huikwangua diski, hupiga kelele hadi jirani ajue umefika, na vumbi lake la chuma hung'ang'ania rimu. Ulaya, pedi mbadala za barabarani lazima zifuate kanuni ya R90, inayotaka nguvu yake isipishane na ya pedi asilia kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi nyingi za mbio hazina kibali hicho, na Ujerumani hairuhusiwi kuzitumia barabarani. Anayeendesha mjini na pedi za mbio wiki nzima ili aonekane yuko makini na gari lake anahatarisha watu, basi.

Hadi hapo pedi ya kati haijapata nafasi. Nafasi yake iko mlimani.

Gari likishuka mita 100 kwenda chini, namaanisha kimo cha mlima na si urefu wa barabara, linaachia nishati sawa na ile ambayo gari lile lile lingeiachia kwa kusimama kutoka kilomita 160 kwa saa. Uzito hauingii katika hesabu hii: liwe Vitz, Land Cruiser au lori la makontena, jibu ni lile lile, kwa sababu uzito uko pande zote mbili na unajifuta. Mita 200 ni kusimama mara 2 kutoka 160. Mita 300 ni mara 3. Mtu ambaye hajawahi kufika 160 maishani mwake, anayeshuka mteremko huku watoto wamelala kiti cha nyuma, anazipa breki zake kazi ambayo mwenzake anaenda kuilipia kiingilio uwanjani. Hata uwanja wa mbio wa Nordschleife kule Nürburgring, Ujerumani, wenye kilomita 20.8, una tofauti ya kimo ya mita 300 hivi kati ya sehemu ya juu na ya chini kabisa, na madereva wanaoufahamu huiogopa ile miteremko yake kama wanavyoziogopa kona.

Najua jibu litakalokuja: mteremko hauji kwa mpigo. Sawa. Kwenye mteremko wa asilimia 8, kushuka mita 100 kunachukua kilomita 1 na robo, na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni dakika moja na nusu. Upepo na msuguano wa matairi vitameza sehemu, pengine robo. Inayobaki ni kilowati 11 au 12 zinazoingia bila kupumzika: pasi za umeme kumi na moja za kilowati moja moja, zimewashwa kwa pamoja nyuma ya magurudumu, na bado hujafika chini. Uwanjani, baada ya kona huwa kuna njia iliyonyooka ambapo mguu uko kwenye mafuta na diski zinapulizwa. Nyuma ya lori linalotambaa kwa kilomita 20 kwa saa hakuna upepo wa kupoza, na msukumo wa hewa uliokuwa ukikusaidia nao umetoweka. Kisha lori linasimama ghafla.

Pedi ya kawaida ikizidiwa na joto, gundi inayoshikilia mchanganyiko wake huanza kuungua na kutoa gesi kati ya pedi na diski. Harufu hutangulia, kali, kama klachi iliyoungua. Pedeli inabaki ngumu mguuni, unaikandamiza kwa nguvu zako zote na gari halipungui. Pedi ya kati imetengenezwa ili hali hiyo isogezwe mbele, na wakati huo huo ishike asubuhi bila kupashwa kwanza. Wala haikutokana na watengenezaji kuishiwa akili, kama inavyosemwa; haja ya breki za mteremko ni ya tangu mwanzo. Herbert Frood, aliyeanzisha kampuni ya Ferodo Uingereza mwaka 1897, anasimuliwa kuwa alianza baada ya kuwaona waendesha mikokoteni ya farasi wa Derbyshire wakifunga ngozi za viatu vikuukuu kwenye breki ili washuke vilima vyao salama. Kampuni hiyo hiyo leo inauza DS2500, pedi ambayo jina lake halikosekani watu wanapozungumzia pedi ya barabara na uwanja.

Fundi mwenye busara ataniambia dawa ya mteremko ni gia, si pedi. Nakubaliana naye kabisa, na kama ingebidi nichague kati ya dereva anayeshusha gia akiwa na pedi za kawaida, na dereva mwenye pedi za gharama anayetoa gia akateremka nyutro ili aokoe mafuta, ningepanda gari la wa kwanza. Ile tabia ya nyutro ni ya kuua, kwa sababu inaihamishia breki kazi yote ambayo injini ingeibeba. Lakini gia ina mwisho wake. Gari la kisasa la gia za kujiendesha halizuiwi na injini kama la gia za mkono mpaka dereva alilazimishe kwa kitufe cha gia ya chini, na wengi hawajawahi kukigusa. Gari lililojaa watu watano na mizigo haliishi kwenye hesabu ya kilo 1,400. Na dharura haikuulizi kama diski zako zimeshafika nyuzi 250 kabla haijatokea.

Tazama pia jinsi pedi zinavyouzwa. Ubavuni mwa pedi nyingi zinazofuata utaratibu wa Marekani kuna herufi mbili, kwa mfano FF au GG. Ya kwanza ni ya msuguano katika joto la kawaida, ya pili ni ya joto kubwa. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Muuzaji atakuonyesha GG kama ushahidi kwamba ni pedi ya mbio. Si ushahidi. Kipimo hicho hufanywa kwa kipande kidogo cha inchi 1 ya mraba, na joto lake huishia nyuzi 343 hivi. Kinachotokea nyuzi 500, ambako uwanja unaweza kukufikisha, herufi hazikisemi. Zinachokusaidia ni kwa upande wa chini: pedi ya FE, kwa mfano, inakiri yenyewe kwamba ikipata moto inalegea, na hiyo si ya kushukia Sekenke.

Kuna hoja nyingine ya kutetea pedi moja ambayo wanaobadilisha pedi huipita haraka. Pedi hufanya kazi vizuri ikishapaka utando wake mwembamba juu ya diski. Ndiyo maana pedi mpya hutakiwa kuzoeshwa: unapunguza mwendo kwa nguvu mara 8 au 10, kutoka 100 hadi 20 hivi, bila kusimama kabisa, kisha unaliacha gari litembee lipoe. Ukibadilisha aina ya pedi juu ya diski ile ile, utando wa zamani na mpya hugombana na kazi inaanza upya. Wengi hawaianzi. Wanafunga, wanaondoka, na baada ya wiki usukani unatetemeka kila wakikanyaga. Gereji inasema diski imepinda, inapelekwa kukerezwa, inarudi nyembamba zaidi na yenye uwezo mdogo zaidi wa kubeba joto, wakati mara nyingi tatizo lilikuwa madoa ya pedi yaliyoganda juu yake. Mwenye pedi mbili anayefanya mambo kwa usahihi ana pia diski za seti mbili. Hiyo ni gharama halisi kwa mtu ambaye spea zake zinavuka bahari, na ni halali aijue kabla ya kushauriwa.

Pamoja na yote hayo, pedi ya kati haiwezi kila kitu. Kwenye mashindano ya muda kama KiambuRing ya Kenya, ambapo unakimbia kwenye barabara iliyofungwa, unamaliza, na gari linapumzika, inatosha na inabaki. Gari jepesi kama GT86 kwenye uwanja wenye kona za mwendo wa kati, kwa zamu ya dakika 10, nalo litavumilia. Forester yenye turbo, zamu za dakika 20, mchana wa Dubai au Abu Dhabi ambako ndugu zetu wengi wa Ghuba huenda kukimbia: hapo pedi ya kati itakwisha nguvu katikati ya zamu, na hapo wenye pedi mbili wako sahihi bila ubishi.

Kabla ya kuilaumu pedi yoyote, badilisha mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu, na yakishanyonya kiwango hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yakichemka pedeli haiwi ngumu, inazama mpaka sakafuni, na hapo hakuna pedi duniani itakayokusaidia. Anayenunua pedi za mbio akaacha mafuta ya miaka minne ndani ya kalipa, kifaa kinachozibana pedi, amejiongezea hatari, kwa sababu pedi itavumilia joto ambalo mafuta hayatalivumilia.

Kwa mwenye gari moja linaloenda kazini, kijijini na uwanjani mara chache kwa mwaka, chaguo langu ni pedi ya kati mwaka mzima, ikizoeshwa vizuri na kupewa mafuta mapya kabla ya kila siku ya uwanjani. Ukirudi, fungua magurudumu ya mbele uzitoe pedi uzitazame mwangani. Kingo zikiwa bado na rangi yake na hazimeguki, endelea nazo. Zikiwa zimepauka kama majivu na zinapukutika ukizikwangua kwa ukucha, ulizivusha uwezo wake, na mwendo wako sasa unahitaji seti ya pili ya mbio pamoja na diski zake, ya kufungwa uwanjani na kufunguliwa kabla ya kurudi nyumbani.