Damu ya Mmoja, Habari ya Ukoo

Karatasi ilichanwa kwenye daftari la shule. Binamu yangu, muuguzi, aliitandaza juu ya mkeka pale kwetu Ngamiani, Tanga, akachora ukoo wa bibi: wanaume vijisanduku, wanawake viduara, marehemu wakipigwa mstari wa mshazari. Viduara vitatu vya safu moja vilipopigwa mstari, shangazi akaweka chini kikombe cha kahawa. "Hao wote ni titi," akasema. Miaka yote tulikuwa tukisema walikufa kwa "uvimbe".

Tulikuwa tukijadili hili: watafiti wa saratani ya kurithi wakija kuomba damu na historia ya familia, tutoe au tukatae?

Kwa kweli saratani nyingi hazirithiwi. Zinazotokana na jeni za kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10. Lakini familia iliyomo humo huzika mfululizo. Jeni ya BRCA1 ilitambuliwa mwaka 1994, BRCA2 mwaka uliofuata; yoyote kati yake ikiwa na hitilafu, hatari ya saratani ya titi hupanda. Mzazi akiwa na hitilafu hiyo, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi, na mzazi huyo anaweza kuwa baba, ingawa sisi huuliza ya upande wa mama tu. Tatizo ni kwamba hazina za vinasaba duniani zimejaa taarifa za watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo maana Mwafrika akipimwa, mara nyingi zaidi huambiwa kuna badiliko lisilojulikana maana yake. Tukikaa pembeni, wajukuu wetu watapewa jibu hilohilo. Na mkoa wetu si mgeni wa utafiti: Korogwe ilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S.

Mjomba alipinga. "Ikijulikana, nani ataleta posa hapa?" Sikuona ujinga katika hofu yake. Hata Marekani, sheria ya mwaka 2008 inazuia bima za afya na waajiri kumbagua mtu kwa vinasaba vyake, ila bima ya maisha haimo. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini maneno ya barazani hayashtakiki. Halafu fomu ya ridhaa husainiwa na mtu mmoja, ilhali damu yake inawasema na dada zake.

Mimi nasema tutoe, ila kikao kitangulie sindano. Tuulize mapema: majibu yatarudi? Yatapewa nani? Asiyetaka kujua ataachwa? Na atakayekutwa na hitilafu atafuatiliwa wapi, maana kutoka hapa hadi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 300, na nauli haimo kwenye fomu. Mtafiti asiye na majibu ya hayo arudi akajipange.

Shangazi aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mkobani. Binti yake yuko Muheza, ana miaka 31. Alisema atakwenda Jumamosi, amwambie mwenyewe.