Sisimizi watekaji, si mabwana wa watumwa

Polyergus rufescens ni sisimizi wa Ulaya. Majira ya joto hutoka kwa mamia, huvamia kiota cha spishi nyingine na kurudi na pupa mdomoni, yaani watoto walio katika hatua ya mwisho kabla ya kuwa sisimizi kamili. Pupa hao wakishakomaa hukiona kiota kile kuwa ndicho kwao. Hutafuta chakula, husafisha, na hulea watoto wasio wa damu yao. Kitaalamu tabia hiyo huitwa dulosisi, na kwa lugha ya kila siku husemwa kwamba sisimizi hao wanafuga watumwa. Mwaka 2007 Joan Herbers, mtafiti aliyewachunguza sisimizi wa aina hii yeye mwenyewe, aliandika katika jarida la BioScience kwamba msamiati huo uachwe, akapendekeza waitwe maharamia. Wapo wanaoliona pendekezo hilo kuwa ni deko tu: mdudu hana historia, na mbona biolojia imejaa malkia, askari na wafanyakazi?

Wana hoja. Maandishi ya karne mbili yametumia msamiati huo, na anayeutupa anampotezea mwanafunzi njia ya kuyafikia. Hata "haramia" halikai vizuri, maana haramia hupora akaenda zake, ilhali mateka hawa hutumikishwa hadi kufa.

Lakini sisi tuko Tabora. Misafara ya kutoka Ujiji ilipita hapa kwenda Bagamoyo, na zipo koo ambazo wazee wao waliletwa kutoka Manyema wakiwa mateka. Tanganyika ilifuta utumwa kisheria mwaka 1922, juzi tu. Anayesikia hivyo hudhani tunalalamikia maumivu. Maumivu yapo, ila jambo zito zaidi liko kwenye jaribio moja la zamani.

Pierre Huber, mtafiti wa sisimizi kutoka Uswisi, aliwafungia Polyergus 30 bila mateka hata mmoja. Akawawekea chakula wanachokipenda, pamoja na lava (watoto wachanga wa sisimizi) na pupa wao wenyewe ili wapate la kufanya. Hawakufanya lolote. Hawakuweza hata kujilisha, na wengi wakafa njaa chakula kikiwa mbele yao. Kisha akamtia ndani sisimizi mmoja wa spishi ya Formica fusca, ile inayotekwa. Mara moja akaanza kazi: akawalisha waliosalia, akajenga vyumba, akawahudumia lava. Taya za Polyergus zimepinda kama mundu, zinatoboa kichwa cha adui lakini hazifai kwa kazi za kiotani. Asipoteka, anakufa yeye na kizazi chake.

Sasa mtazame tajiri wa msafara. Mikono ya kulima na kupika alikuwa nayo. Aliyemfunga mnyororo alikuwa binadamu mwenzake, naye alilijua hilo, akachagua faida. Ukiwaita yeye na Polyergus kwa jina moja, uchaguzi unafutika na utumwa unakuwa silika. Charles Darwin alikisimulia kisa cha Huber mwaka 1859, tena katika sura inayohusu silika.

Kuazima majina kwenyewe si kosa. Miaka ya 1980 walinzi wa jadi wa Usukumani na Unyamwezini walijiita sungusungu, jina la sisimizi weusi wakali, na hakuna aliyedanganyika. Hapa jina la uovu wa mtu limepelekwa kwa mdudu, na linaporudi kwa mtu limeshatakaswa.

Na linapotosha sayansi pia. Mtafiti Susanne Foitzik na wenzake walionyesha kwamba mateka wanaotumikishwa na Temnothorax americanus, spishi nyingine ya watekaji, huua pupa wengi wa watekaji wao, na jambo hilo likaitwa uasi. Msomaji anawaza hasira na ukombozi. Mateka hao hawatoroki wala hawaanzishi koloni lao, na faida, kama ipo, huenda kwa ndugu zao wa viota vya jirani wasiovamiwa tena kwa nguvu ileile.

Vitabu vya Kiswahili viandike "sisimizi watekaji", na utumishi wa mateka uelezwe kwa sentensi nzima. Dulosisi itajwe mara moja, ili mwanafunzi aweze kumfikia Huber.